THELUJI IKISHUKA MLIMANI: NANI AJENGE WAPI?

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Ni kweli kabisa. Walichosahau kutuambia ni kwamba mlima unaweza kuteremka usiku wa manane ukaja kukutana na binadamu kitandani mwake.

Muhula wa pili chama chetu kilikuwa na mjadala: “Serikali iwahamishe kwa lazima watu wote wanaoishi kwenye miteremko hatari.” Mimi nilikuwa upande wa wapinzani, na sikuwa nikipinga kwa ajili ya kupigiwa makofi tu. Babu yangu anakaa mlimani, nyumba yake iko chini ya genge. Kuna mwaka mvua za masika zilizidi, maofisa wakapita wakiwaambia wazee wahame. Wahamie wapi, hawakusema. Babu aliwakaribisha chai, wakanywa, wakaaga, wakaenda zao. Basi niliisimulia hadithi hiyo kwa mbwembwe, ukumbi ukanishangilia. Kisha msemaji wa upande wa pili akasimama akaniuliza swali moja tu: “Ndugu msemaji, kama si wote wahame, basi wahame akina nani? Mstari uko wapi?”

Nilibaki mdomo wazi. Tukashindwa.

Baada ya aibu hiyo nilimwendea mwalimu wetu wa Jiografia. Akaniambia, “Kama unataka kujua habari za mstari, soma habari za watu wa theluji. Hao wamekuwa wakiuchora na kuufuta kwa miaka mingi.” Nilidhani ananitania. Sisi theluji yetu tunaiona kwa mbali kileleni mwa Mlima Kenya, tena kila mwaka inazidi kupungua. Hata hivyo nilisoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Theluji haianguki siku moja ikawa kitu kimoja. Huanguka tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Tabaka moja huwa gumu, jingine hulegea likawa kama sukari. Sasa tuseme tabaka zito la theluji mpya limelala juu ya hilo la sukari, na mlima umeinama. Siku moja upepo unaongeza mzigo, au mtu mmoja anapita akiteleza kwa mbao zake za theluji, tabaka la sukari linavunjika, na bamba zima la juu linaachia kwa mpigo mmoja. Hilo ndilo poromoko la theluji. Likiwa la theluji kavu ya unga linaweza kupita mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Matatu ya kwetu, pamoja na sifa zake zote, haijafika huko.

Ajabu ni kwamba mteremko mkali sana si ndio hatari zaidi. Ukiinama kupita kiasi, theluji haipati nafasi ya kurundikana, humwagika kidogo kidogo. Ukiwa chini ya digrii 30, kwa kawaida hutulia tu. Hatari kubwa iko katikati, kati ya digrii 30 na 45 hivi. Kwa hiyo mtaalamu akifika kijijini, kazi yake ya kwanza ni kuutazama mlima kwa juu na kuuliza: theluji inaweza kuachia wapi? Swali la pili ndilo gumu: ikiachia, itafika wapi?

Hapa wapenzi wa Hisabati sogeeni karibu. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Norwe, Lied na Bakkehøi, walitoa kanuni rahisi kwa kupima maporomoko makubwa yaliyojulikana nchini mwao. Tafuta mahali chini ya mlima ambapo mwinamo wa njia ya theluji umepungua hadi digrii 10. Simama hapo, tazama juu mahali theluji inapoanzia, upime pembe. Zidisha pembe hiyo kwa 0.96, kisha toa 1.4. Kama ulipata digrii 30, jibu lako ni digrii 27.4. Sasa rudi nyuma ukiuacha mlima, hadi pembe ya kutazama kule juu ipungue ikawa 27.4. Hapo ndipo poromoko kubwa linatazamiwa kukomea. Lakini angalia sana, huo ni wastani. Mengine yatakomea kabla, na mengine yatapita. Ndiyo maana hakuna mtaalamu mwenye akili anayejenga nyumba yake hatua mbili tu mbele ya jibu hilo.

Zamani watu hawakuwa na kanuni wala kipimo cha pembe, walikuwa na kumbukumbu za wazee. Na msidhani kumbukumbu hizo zilikuwa za kudharauliwa. Kule Andermatt, Uswisi, mwaka 1397 wenyeji waliandika hati ya kukataza mtu yeyote kukata mti katika msitu ulio juu ya kijiji chao, kwa sababu walijua miti ndiyo inayoishika theluji isiachie. (Msitu hauzuii poromoko lililokwisha kupata kasi. Hilo huvunja miti kama njiti za kiberiti. Kazi ya msitu ni kuzuia lisianze.) Na pale Frauenkirch, karibu na Davos, kuna kanisa ambalo ukuta wake wa upande wa mlimani umechongoka kama gubeti la jahazi. Theluji ikija inapasuka pande mbili, kanisa linabaki.

Kisha ukaja msimu wa baridi wa 1950 hadi 1951. Theluji ilianguka Alps kwa wingi usio wa kawaida, na Uswisi peke yake ilipoteza watu 98 kwa maporomoko. Ndipo nchi hiyo ilipoanza kuchora mistari kwa dhati. Siku hizi kijiji cha milimani kina ramani yenye rangi, na rangi hizo ndizo zinazoamua nani ajenge wapi.

Ukanda mwekundu: marufuku kujenga nyumba mpya ya kukaa watu. Ukanda wa buluu: unaweza kujenga, ila kwa masharti. Ukuta wa upande wa mlima uwe wa zege nene, madirisha makubwa yasielekee huko, na kuwe na mpango wa kuwahamisha watu kwa muda hatari ikizidi. Ukanda wa manjano ni wa tahadhari ndogo. Mweupe, lala usingizi.

Rangi hizo hazikuchaguliwa kwa kupiga kura. Huangaliwa mambo mawili: poromoko linafika pale mara ngapi, na likifika linasukuma kwa nguvu kiasi gani. Kama linaweza kufika angalau mara moja katika miaka 300, na msukumo wake unazidi kilopaskali 30, mahali hapo ni pekundu. Kilopaskali 30 ni kama tani 3 kwa kila mita mraba ya ukuta. Hebu fikiria ukuta wa bweni letu, kisha kila mita mraba yake isukumwe na uzito wa tani 3 kwa wakati mmoja. Vilevile, mahali ambapo theluji hufika mara moja au zaidi kwa kila miaka 30 ni pekundu hata kama msukumo ni mdogo.

Nilipofika kwenye hiyo “miaka 300” nilikuwa karibu kuruka ukurasa. Nilijiambia, kama ni mara moja kwa miaka 300, na limekuja juzi, si tumepona mpaka vitukuu? La hasha! Mwalimu alinikalisha chini akanionyesha. Maana yake ni kwamba kila mwaka, mwaka wowote, kuna nafasi moja kati ya 300. Mlima hauna kalenda, haujui kwamba ulikuja mwaka jana. Mtu akijenga nyumba pale akakaa miaka 50, nafasi ya kufikiwa angalau mara moja ni karibu asilimia 15. Ni kama kuweka karata sita au saba kifudifudi mezani, mojawapo ikiwa ni kifo, kisha umwambie mtoto wako achague moja. Tangu siku hiyo sijalitazama neno “nadra” kwa macho yaleyale.

Na hata hivyo, mstari ukichorwa vizuri namna gani, una udhaifu mmoja mkubwa. Mchoraji anajua yale tu yaliyowahi kutokea na yale anayoweza kuyakadiria. Galtür, kijiji cha Austria, kilijua hilo kwa machungu. Tarehe 23 Februari 1999, baada ya theluji kuanguka kwa wiki kadhaa na barabara kufungwa, poromoko liliingia kijijini likaua watu 31. Kesho yake wengine 7 wakafa katika kitongoji jirani cha Valzur. Nyumba kadhaa zilizopigwa Galtür zilikuwa mahali ambapo ramani ilipahesabu kuwa salama. Leo kuna ukuta mrefu unaokinga kijiji, na ndani yake wamejenga jumba la makumbusho, ili mtu asije akasahau ukuta huo ni wa nini.

Wiki hiyohiyo kule Evolène, Uswisi, walikufa watu 12. Baadaye mahakama iliwatia hatiani mkuu wa kijiji na mhusika wa usalama kwa kutochukua hatua za kutosha siku hiyo. Nililisoma hilo mara mbili. Kumbe kuna nchi ambako mlima ukiua watu, kuna mtu anaulizwa alikuwa wapi!

Lakini mahali paliponigusa zaidi ni Aisilandi. Nchi hiyo ni kisiwa cha kaskazini sana, na vijiji vyake vingi vya wavuvi vimebanwa kati ya bahari na mlima. Hakuna nafasi ya kurudi nyuma, mgongo uko ukutani na miguu iko majini. Tarehe 16 Januari 1995, alfajiri, poromoko lilipiga kijiji cha Súðavík. Walikufa watu 14, na 8 kati yao walikuwa watoto. Watu hawajamaliza kuomboleza, tarehe 26 Oktoba mwaka uleule, usiku watu wakiwa wamelala, mlima ulishuka juu ya kijiji cha Flateyri ukaua watu 20. Nyumba nyingi zilizobomolewa Flateyri zilikuwa nje ya mstari wa hatari uliokuwa kwenye ramani. Waliolala pale walikuwa watu waliotii sheria.

Watu 34 katika mwaka mmoja. Pengine kwetu, tuliozoea ajali za barabarani, idadi hiyo haitishi. Lakini Aisilandi ilikuwa na watu wasiofika laki tatu. Ni kama Kenya ya mwaka huo ingepoteza watu zaidi ya 3,000.

Walifanya nini? Súðavík waliamua kuhama. Kijiji kipya kilijengwa mahali salama zaidi, na nyumba zilizobaki katika kijiji cha zamani hutumika wakati wa kiangazi tu, ambapo hakuna theluji ya kuporomoka. Flateyri wao walibaki. Juu ya kijiji yalijengwa matuta mawili makubwa ya udongo na mawe, marefu kama jengo la orofa tano au sita, yamekutana juu kama herufi A, na kati yake tuta la tatu la kukinga kitakachoruka. Kazi ya tuta si kulisimamisha poromoko, ni kuligeuza njia liende baharini. Mwaka 1999 na mwaka 2000 maporomoko yalikuja, yakageuzwa.

Kisha wakabadilisha hesabu yenyewe, na hapa ndipo nilipopata jibu la yule mpinzani wangu. Badala ya kuuliza tu “theluji itafika wapi?”, Aisilandi inauliza “mtu anayeishi hapa ana nafasi gani ya kufa kwa poromoko katika mwaka mmoja?” Unachukua mara ambazo poromoko linaweza kufika kwenye nyumba, unazidisha kwa nafasi ya aliyemo ndani kufa likifika. Tuseme linafika mara moja kwa miaka 1,000, na katika kila watu 10 wanaopatwa ndani ya nyumba za aina hiyo mmoja hufa. Nafasi ni moja kati ya 10,000 kwa mwaka. Kama jibu ni chini ya 0.3 kati ya 10,000, jenga upendavyo. Kati ya 0.3 na 1 ni eneo A: nyumba ya kawaida inaruhusiwa, lakini shule au hospitali lazima iimarishwe. Kati ya 1 na 3 ni eneo B: karakana inaruhusiwa, nyumba ya kukaa mpaka iimarishwe. Kupita 3 ni eneo C, na huko kwa kawaida hapajengwi kitu kipya ambacho watu watashinda au kulala ndani yake.

Umeona shule ilivyotengwa? Norwe pia wana mambo hayo. Nyumba ya kawaida ijengwe mahali ambapo nafasi ya kufikiwa haizidi moja kati ya 1,000 kwa mwaka, lakini shule haizidi moja kati ya 5,000. Hoja yao ni kwamba shuleni watu wengi wamekusanyika mahali pamoja. Sisi wa bweni tunaielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa.

Sasa swali la fedha, maana bila fedha mstari ni wino tu. Aisilandi ina mfuko maalumu wa maporomoko. Kila jengo lililowekewa bima nchini hutozwa kodi ndogo ya kuuchangia, hata jengo la mjini ambako hakuna mlima wa kutisha. Mfuko huo hulipa hadi asilimia 90 ya gharama za kujenga matuta, au za kuzinunua nyumba zilizo eneo C ili wenyewe wakajenge kwingine. Yaani mtu wa mjini anamsaidia mtu wa mlimani kuhama au kubaki.

Wala nisiwasifu kupita kiasi. Walikusudia kumaliza kazi ya kukinga vijiji vyote vilivyo hatarini kufikia mwaka 2010, tarehe ikasogezwa, na kazi haijaisha. Tarehe 14 Januari 2020 maporomoko mawili yalishuka tena Flateyri. Mengi ya theluji yaligeuzwa na matuta kama ilivyopangwa, ila sehemu iliruka juu ya tuta na kuipiga nyumba moja. Msichana mmoja, kijana wa rika letu, alifukiwa akiwa chumbani mwake. Waokoaji walimchimbua akiwa hai baada ya nusu saa hivi. Theluji nyingine iliyogeuzwa ilikwenda kwenye bandari ndogo na kuharibu mashua za wavuvi. Basi wakarudi kupima upya, miaka 25 baada ya kilio cha kwanza.

Nyumbani Kenya hatuna theluji ya kutufukia, lakini tunayo ardhi. Novemba 2019 mvua iliporomosha milima ya Pokot Magharibi, huko Nyarkulian na Parua, usiku watu wamelala, ikaua makumi ya watu. Chesongoch, katika Elgeyo Marakwet, imepigwa mwaka 2010 na tena mwaka 2025. Udongo si theluji, najua. Unachosukumwa nacho ni maji, na ukishapita hauyeyuki, unabaki juu ya shamba. Lakini swali la mstari ni lilelile. Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, ambayo ni kama digrii 19. Kanuni hizo zilihusu jembe. Kitanda hazikukitaja.

Likizo iliyopita nilikwenda kwa babu na kipimo cha pembe kutoka sanduku langu la Hisabati, uzi na kijiwe. Nilisimama uani nikalipima lile genge. Sikupata jibu la maana, kwa sababu kanuni ya Lied na Bakkehøi ni ya theluji ya Norwe, si ya udongo wa kwetu, na babu alinicheka sana. Lakini jioni, tukiota moto, nilimweleza habari za Súðavík na Flateyri, za matuta na za ule mfuko. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, “Huyo mtu wa mjini, analipa kabla mlima haujashuka au baada?”

Nikamjibu, “Kabla, babu.”

Akaongeza kuni motoni. “Na wale waliohama, waliuziwa shamba au walipewa?”

Nilimwambia kwamba nyumba zao zilinunuliwa, wakajenga upya. Akasema maofisa wakirudi atawapikia chai tena, na safari hii niwepo, nimsaidie kuuliza.